Mkono wa Kushikia Kisu

2 Mei

Baba Pacha,

Sisi wazima. Pacha wazima, isipokuwa mmoja ameng'oka jino na mwenzake analia anataka na lake ling'oke leo leo. Wifi mzima, simu yake nzima, na hiyo ndiyo sababu barua hii ina maneno mengi.

Nimeitwa. Kile chuo cha ualimu nyuma ya soko kinatafuta mpishi mkuu, na mimi ni mmoja wa wanawake wanne watakaojaribiwa. Siku yenyewe ni tarehe 30. Msimamizi wa jiko, baba mmoja mnene anayeongea kama anagonga mihuri, ametuambia kila mtu aje na kisu chake. Anasema visu vya chuo vimekata kamba, vimekata waya, vimekata na kucha za walinzi, hawezi kumpima mtu kwa visu hivyo. Tutakata kabichi juu ya ubao, nyembamba kama nyuzi, naye amesimama nyuma ya shingo zetu.

Kisu changu unakijua. Nimekinoa kwenye ngazi ya mlango miaka yote hii hadi kimebaki kama kijiti cha kuchokolea meno. Wifi anasema tuagize kwenye simu. Amenionyesha video: kisu kinakata kiatu, kisha kinakata kopo, kisha mtu anaachia karatasi hewani na kisu kinaipasua kabla haijagusa chini. Nimemwambia mimi sipiki viatu. Amesema nimebaki nyuma.

Nikipata kazi hii ni mshahara wa kila mwezi, Baba Pacha. Utashuka kwenye hilo jengo, urudi nyumbani. Nimeandika wazi hivyo ili usinijibu habari za mvua.

Mkeo,
Mama Pacha

6 Mei

Mama Pacha,

Barua imefika ikinuka dizeli, dereva wa lori la saruji aliikalia njia nzima. Nimeisoma juu ya ngazi nikiwa na ndoo begani, na fundi mkuu akaniuliza kama ni ramani ya jengo. Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu mvua, inanyesha. Sasa tuje kwenye kisu.

Usiagize kwenye simu. Dada yangu ni damu yangu, lakini sote tulikuwepo siku sufuria lake lilipofika likiwa kifuniko peke yake. Aliandika kulalamika, wakamletea kifuniko cha pili. Mtu hawezi kununua kisu bila kukishika. Hata koleo la kuchanganyia zege mimi nalichagua kwa kulinyanyua kwanza, na koleo halina mambo mengi.

Katika mji huu kuna duka linalouza visu tu. Nalipita kila Jumapili nikienda kununua sabuni. Sikuwahi kuingia kwa sababu mlango wake ni wa kioo na mimi nina rangi ya barabara, lakini nitaingia. Nipe Jumapili moja.

Ningekupigia tuyamalize, lakini unajua simu yangu iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya tatu. Ilinitoka mfukoni tukimimina zege. Ililia mara moja ikiwa humo ndani, wote tukatazamana, kisha ikanyamaza. Ndiyo maana sasa simu zimepigwa marufuku kazini na wenzangu wananiita Nguzo. Na hata nikiazima ya mtu, simu ya nyumbani ni ya dada yangu, na akishapokea salio linaisha kabla hajakupa wewe.

Nimechoka, Mama Pacha. Bega la kulia limefanya kishimo, ndoo inakaa humo kama yai kwenye kiota. Chumba chetu tunalala wanaume sita na mmoja anakoroma kama mashine ya zege, na wengine wanasema ni mimi. Kata hiyo kabichi. Ndoo nitakayoipiga teke siku ya kuondoka nimeshaichagua.

Mumeo,
Baba Pacha

10 Mei

Baba Pacha,

Nimekuelewa. Sitaagiza kitu, naahidi mbele ya pacha, ambao hawakusikia kwa sababu walikuwa wanapigana.

Wifi amenuna. Anasema kaka yake anaishi zama za mawe na anabeba mawe yenyewe. Anasema huko kwenye duka watakuona mgeni wakuuzie upanga. Nimemwambia tutaona.

Habari za washindani: mmoja alikuwa mpishi wa kambi ya barabara, mmoja ni shangazi yake karani wa chuo, na wa tatu anasema hajawahi kulia kwa kitunguu tangu azaliwe. Huyu wa tatu ndiye ninayemwogopa.

Niishie hapa. Kuna kijana wa pikipiki getini anauliza nyumba ya mtu aliyeagiza kifurushi, na wifi ametoka mbio hata kiatu kimoja hana. Sijui ni cha nini.

Mkeo,
Mama Pacha

14 Mei

Mama Pacha,

Nimeingia dukani. Niliosha viatu, lakini saruji haiogopi maji, kwa hiyo tuliingia mimi na vumbi langu. Mlango una kengele. Ilipolia watu wote walinitazama, na visu navyo ni kama vilinitazama. Vimening'inia ukutani kwa safu, vikubwa nyuma na vidogo mbele, kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu mkuu. Hakuna kilichofungwa kwenye plastiki. Unatoa, unashika, unarudisha. Wala hakuna video. Kuna kapu la karoti.

Mwenye duka ni mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Kitu cha kwanza nilichotazama ni vidole vyake. Vipo vyote, nikatulia. Nikamwambia nataka kisu kizuri. Akaniuliza cha kumfanyia nani nini. Nikasema cha mke wangu, akate kabichi. Akanipa karoti, akanipa na kisu, akasema nikate nione kilivyo. Nilikata kama ninavyokata nondo. Kipande kimoja kilikwenda kuingia kwenye kola ya mpishi mmoja wa hoteli aliyekuwa anachagua vyake. Alikitoa, akakipangusa, akanirudishia kwa mikono miwili, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kunitukana.

Yule mama hauzi kisu kama mtu anavyouza sabuni, anauliza kwanza kama daktari. Mke wako anakatia kwenye ubao au mkononi? Anasimama au anaketi? Ana haraka au ana subira? Nikasema kwa kabichi ana subira, kwangu mimi hana. Akauliza ukubwa wa kiganja chako. Hapo sikusita, kwa sababu ulikuwa unanifunika nacho uso ninapokoroma, na nakumbuka kilianzia kidevuni kikaishia kwenye nyusi. Basi akachukua rula akanipima uso. Wateja wote waliacha visu wakatazama.

Akasema kwa kabichi nyembamba kiasi hicho kinafaa kisu kilichochongwa upande mmoja tu. Upande mmoja umelala kama paa la kibanda, upande wa pili ni bapa kama ukuta. Kikiwa sawa na mkono wako kinashuka chenyewe. Kisipokuwa sawa, kinakwenda kombo na kabichi inatoka vipande vya kufungia mlango.

Limebaki swali moja dogo tu, nimemwambia nitarudi Jumapili.

Kwa sasa nina maswali ya kawaida, ya mtu aliye mbali na kwake. Ukichota maji, ndoo unashika kwa mkono upi? Ukiwa unanigonga na mwiko nisionje chakula jikoni, ulikuwa unanigonga bega lipi? Usifikirie sana, nauliza kwa sababu ya bega langu, linauma.

Mumeo,
Baba Pacha

16 Mei

Kwa wauzaji wa Kisu cha Maajabu,

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, niliyewahi kuwaandikia kuhusu vifuniko viwili. Kisu kimefika. Nilimbembeleza wifi yangu akijaribu, yeye hakutaka, nikamwambia kipo tayari nyumbani, kikirudi ni hasara. Alikata kabichi mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili mpini ulibaki mkononi na chuma kikatoka. Kiligonga ukuta kikarudi kikampasua kiganja cha kulia, mkono anaokatia, na siku ya majaribio ya kazi yake iko mlangoni. Ameshonwa hospitali. Daktari amesema mkono huo usifanye kitu hadi mwezi ujao.

Kwenye video yenu mlikata kiatu. Mpini mliushika na nini?

Mteja wenu mwenye hasira,
Wifi Mtu

16 Mei

Mteja mpendwa,

Asante kwa maoni yako mazuri. Tumefurahi kusikia kwamba Kisu cha Maajabu kinakata. Ili tukuhudumie, tafadhali tuma picha ya kisu kikiwa ndani ya boksi lake ambalo halijafunguliwa. Kama mteja wetu wa siku nyingi, umepunguziwa bei ya glavu za jikoni.

Wako katika furaha,
Kitengo cha Furaha ya Mteja

18 Mei

Baba Pacha,

Namwambia wifi aandike kwa sababu mikono yangu ina unga. (Kaka, shikamoo, ni mimi dada yako, mikono yake ina unga mwingi sana.)

Sisi wazima. Sote kabisa, kila kiungo. Nashangaa maswali yako ya mikono. Mikono yangu ina nini? Ipo miwili, kila mmoja mahali pake, na ndoo nashika kwa mkono wowote ulio karibu na ndoo. Mtu mzima anaacha kazi ya saruji anakaa anaulizia mikono ya watu. Nani amekuambia nini? (Hakuna aliyekuambia kitu, na hakuna cha kuambiwa.)

Mwiko nilikuwa nakugonga bega lililokuwa karibu na sufuria.

Kuhusu kisu, ukikipata sawa, usipokipata pia sawa. Usijisumbue sana. Huenda kazi yenyewe si ya kutegemea, wanne tunagombania nafasi moja ya mpishi. Ukiona unaendelea kubaki huko kidogo, baki tu, tutazoea. (Hapa ameinuka kufunika sufuria, mimi nimekaa na kalamu.) Mwambie basi bega alipake mafuta ya moto. Mwandikie hivyo. (Nimeandika.)

Mkeo,
Mama Pacha
(na Dada yako, ambaye hajaagiza kitu chochote)

21 Mei

Mama Pacha,

Barua yako sikuielewa, ila nimeona mna unga wa kutosha nyumbani, hilo ni jema. Maneno ya mimi kuendelea kubaki huku niliyasoma mara moja nikayaruka. Sitaki kuyasikia tena.

Kisu hiki hapa. Kimefungwa kwenye mfuko wa saruji, juu yake fulana yangu ya zamani, juu yake kamba. Dereva ameapa hatakikalia. Usiniulize bei, na usiniulize nilijuaje vipimo vya mkono wako bila wewe kunijibu. Mama wa visu alitaka kujua unakatia mkono gani, kwa sababu kisu cha upande mmoja kina mkono wake, na mimi nikamwambia pale pale. Alikisugua kwenye jiwe lenye maji mbele ya macho yangu, akakata nacho unywele wa mkono wake mwenyewe, akanipa. Hakusema kwamba kitakata kiatu. Alisema ukikitunza, pacha watakigombania ukiwa umezeeka.

Wenzangu huku hawajui wake zao wanashika kisu vipi. Niliwauliza chumba kizima, kila mtu akakohoa. Mimi najua. Mwanamume anaweza kuwa mbali na nyumbani kwake, lakini mambo ya nyumbani kwake anayo kichwani.

Kata kabichi.

Mumeo,
Baba Pacha

24 Mei

Mama Pacha,

Usikitumie kile kisu. Kama umekifungua, kifunge. Barua hii nampa Fundi Rangi, anayekuja likizo huko kwetu, na nimemwambia asilale njiani, ingawa namjua, atapita kwa wakwe zake kula kwanza.

Leo mchana tumekaa chini kula, mimi huku, Fundi Rangi kule, sufuria katikati. Nikamtazama anavyokula. Kijiko kilikuwa upande wangu wa kushoto. Nikamwambia, wewe kumbe unakula kwa shoto. Akasema, Nguzo, zege limekuingia kichwani, huu ni mkono wa kulia. Nikainuka nikaenda upande wake, nikakaa anapokaa. Kweli, ulikuwa wa kulia. Chakula kikanishinda.

Sasa nikwambie nilivyofanya dukani. Mama wa visu aliponiuliza unakatia mkono gani, sikuwa najua. Ndiyo maana nilikuuliza habari za ndoo na mwiko. Uliponijibu mambo ya unga, nikarudi dukani mikono mitupu. Yule mama akasema, kaa kwenye kigoda hiki, fumba macho, mtazame mke wako anakata. Nikafumba. Nikakuona vizuri kabisa, Mama Pacha, umeketi ng'ambo ya jiko kama ulivyokuwa unaketi, kitambaa chako cha kijani kichwani, mimi huku nasubiri chakula nikijifanya naota moto. Kisu kilikuwa upande huu. Nikanyoosha mkono nikiwa nimefumba macho vile vile, kumwonyesha upande. Nikasikia anasema, basi ni wa kushoto. Nikafumbua macho, kweli mkono niliokuwa nimenyoosha ni wa kushoto. Nikafurahi. Nikalipa.

Lakini wewe ulikuwa umenielekea mimi. Upande wangu wa kushoto ni mkono wako wa kulia. Nimekununulia kisu cha mtu mwingine kabisa.

Usikate nacho mbele ya yule baba wa mihuri, kitakwenda kombo. Tumia kijiti chako cha meno, au azima. Ukiikosa kazi kwa sababu yangu sijui nitasema nini. Nimebeba ndoo kwenye jengo hili hadi nimesahau mke wangu anashika kisu kwa mkono gani. Miaka yote ile nilikaa nikakutazama, kumbe nilikuwa natazama sufuria.

Mumeo,
Baba Pacha

25 Mei

Baba Pacha,

Hii naandika mwenyewe, na ukiona herufi zimelala kama walevi, ni kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Lakini hilo unalijua.

Nani alikuambia? Nimemkamata dereva nikamwapisha mbele ya lori lake, amekana. Wifi amekana na kulia. Majirani wamekana kabla sijawauliza. Kwa hiyo sijui ulijuaje, lakini ulijua.

Basi nikueleze kama mtu anayejua. Niliahidi sitaagiza, na kweli sikuagiza, ila kiliagizwa na nikakishika, ambalo ni lile lile. Chuma kilitoka kwenye mpini kikanipasua kiganja cha kulia. Sikutaka kukuambia uko juu ya ngazi na ndoo, ukageuka ghafla ukaanguka. Nikaanza kujifunza kukata kwa kushoto na kile kisu changu cha zamani. Nilikata kabichi kama mtu anayechana magazeti. Jirani alizichukua akawapa kuku, kuku wakazitazama. Usiku ule niliomwambia wifi akuandikie ubaki huko, nilikuwa nimekata tamaa.

Jana dereva akaleta mfuko wa saruji. Nikafungua nikaona kisu, nikasema, maskini, hajui, amenunua cha kulia. Nikakishika kwa kushoto tu ili nikione. Baba Pacha, kilishuka. Kilipita kwenye kabichi kama kinakumbuka njia. Nikageuza nikatazama lile paa lako na ule ukuta wako, nikaona kimechongwa kwa mkono wa kushoto. Nikaketi chini jikoni. Pacha wakadhani nimejikata tena, wakakimbia kumwita wifi.

Umekaa huko na vumbi lako, ukanijua mkono mzima na mkono mbovu. Kuna wanaume wanalala na wake zao kitanda kimoja na hawajui kama wana mafua.

Nakata asubuhi na jioni. Mtaa mzima unakula kabichi.

Mkeo,
Mama Pacha

28 Mei

Fundi Rangi,

Ndugu yangu, dereva anakuletea hii mbio. Kama bado uko kwa wakwe zako unakula, kaa hapo hapo, endelea kula. Ile barua niliyokupa umpe mke wangu, usimpe. Ichane. Nimepata barua yake leo na mambo yamekaa vizuri kuliko nilivyoyapanga, na barua ile inakuja kuyavuruga. Akikuuliza kama nimekupa barua, sema nilikupa salamu.

Nikishuka hapa nitakufanyia kazi yoyote utakayotaka, hata kukushikia ngazi.

Nguzo

29 Mei

Nguzo,

Umechelewa. Kwa wakwe zangu nilikuta wamefunga wameenda shambani, kwa hiyo safari hii nilifika kwa wakati, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilimpa mwenyewe mkononi, jana.

Alisoma amesimama mlangoni. Akaketi kwenye ngazi, akasoma tena. Mabega yalianza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na mimi si mtu wa kuuliza, nikasimama pale hadi dada yako aliponiletea kabichi. Wana kabichi nyingi sana.

Halafu mkeo akaniuliza jambo moja. Aliuliza kama ni kweli uliinuka ukaja kukaa upande wangu kutazama mkono. Nikamwambia ndiyo, na ulinimwagia mchuzi. Akaingia ndani akafunga mlango.

Ngazi utanishikia vile vile.

Fundi Rangi

2 Juni

Baba Pacha,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, na safari hii usijisifu.

Nilikuwa nimeshaitangazia mitaa mitatu kwamba mume wangu anaona hadi huku. Mwenye genge alikuwa ananipunguzia bei kwa sababu yako. Halafu Fundi Rangi akaniletea barua. Nilikukasirikia kwa muda wa kuandaa chai. Halafu nikakuona kwenye kile kigoda, mtu mzima na vumbi lake, amefumba macho mbele ya wapishi wa hoteli, amenyoosha mkono anamwonyesha mama wa watu mke ambaye hayupo. Nikacheka hadi kidonda kikauma.

Na mimi nilikudanganya habari za unga. Tumelingana, tuyaache hapo.

Sasa majaribio. Nilifika na mkono wa kulia umefungwa bandeji kubwa kama andazi. Baba wa mihuri akanitazama akasema mgonjwa aende nyumbani. Nikamwambia, nipe kichwa kimoja cha kabichi, nikikosea utanifukuza na sababu mkononi. Akanipa, nadhani ili aondokane na maneno. Yule asiyelia kwa vitunguu alikuwa meza ya pembeni yangu, na alipotoa kisu chake mkobani nilikitambua. Ni kile cha kwenye video. Nikamwonya, mwenzangu, kishike kwa mbali. Akaniona nina wivu.

Nilikishika kisu kwa kushoto, Baba Pacha. Ulikuwa umeniandikia kwamba kitakwenda kombo, na maneno yako yalikuwa yananisumbua. Nikafumba macho kidogo, kama ulivyofanya wewe. Nikakuona umekaa ng'ambo ya jiko unajifanya unaota moto. Kicheko kikanibana, nikaanza. Nilikuwa nimefika nusu ya kabichi niliposikia kitu kinapita hewani. Chuma cha jirani yangu kilikuwa kimeingia kwenye gunia la unga hadi mwisho, na yeye amesimama na mpini. Baba wa mihuri alilitazama gunia, akanitazama mimi, akachukua nyuzi zangu mbili tatu akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza kisu hicho nimekitoa kwenye simu ipi. Nikamwambia hakikutoka kwenye simu, mume wangu alikwenda dukani akapimwa uso.

Naanza Jumatatu.

Wifi ameapa kuacha simu. Aliapa akiwa amevaa glavu zile alizopunguziwa bei, zimekuja mbili, zote za kushoto. Moja nimeichukua, inanitosha sana.

Mkono wa kulia unapona, lakini nimeshauambia kazi imepata mwenyewe, wenyewe utashika mwiko. Bega uliloniuliza ni la kushoto, nimekumbuka.

Mshushie ndoo yake yule fundi mkuu, uipige hilo teke, uje. Na ukifika, usikae tena ng'ambo ya jiko. Njoo ukae huku, ubavuni kwangu.

Mkeo,
Mama Pacha